Nzisa Bado Yupo

Shangazi yangu Mumbua ni mtu wa roho juu juu. Kaa naye dakika kumi utaona: ataingia jikoni, atatoka, atachungulia barabara, kisha atarudi kukuuliza kama umesikia kitu. Anamaanisha tarumbeta. Ana miaka sitini na mbili, anauza mitumba sokoni Tulia, na tangu alipokuwa darasa la tatu anaogopa jambo moja tu: kwamba Yesu atakuja kuwanyakua watu wake na yeye ataachwa.

Haogopi njaa wala nyoka. Mwaka ule wa ukame mbaya alikuwa akipika mahindi ya msaada huku akiimba. Lakini akirudi nyumbani akakuta mlango wazi na hakuna mtu, hukimbia nje papo hapo akiita majirani. Mimi humwambia kwamba huku kwetu wanaonyakua ni wanaonyakua mashamba. Hacheki.

Hofu hiyo aliitafutia dawa. Mtu mtakatifu kuliko wote anaowajua ni Nzisa, rafiki yake tangu usichana, mjane anayeishi peke yake ng'ambo ya kijito kikavu. Nzisa hasengenyi, hufunga kila Ijumaa, na akikopeshwa kibiriti hurudisha. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi Shangazi humpigia simu. Nzisa hapokei. Huiacha ilie mara moja kisha anaikata, maana hapa kwetu hiyo ni salamu kamili na haili krediti. Simu ikikatwa, Shangazi hushusha pumzi: Nzisa bado yupo duniani, basi hakuna aliyenyakuliwa. Ndipo anapochemsha chai. Amefanya hivyo miaka tisa, na Nzisa hajawahi kuambiwa sababu.

Agosti iliyopita, siku ya Alhamisi, simu haikukatwa. Sauti ya yule dada wa mtambo ilisema mteja hapatikani kwa sasa. Shangazi akapiga tena, akapiga tena, mara kumi na moja, na dada yule hakubadilisha hata neno.

Mtu mwingine angefikiria betri. Shangazi alifunga leso kichwani, akavaa kiatu kimoja cha shamba na kimoja cha kanisa, akatoka kutafuta watakatifu waliobaki. Alimkuta mwenyekiti wa kwaya akikamua mbuzi. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Huyo, Shangazi alisema baadaye, hata yeye angekuwa Yesu angemwacha. Alimkuta katibu wa akina mama akichota maji, akakumbuka mdomo wa katibu huyo. Kila Mkristo aliyemkuta alimpunguzia matumaini. Wote walikuwa kama yeye tu.

Saa mbili na nusu alifika kanisani, na hapo ndipo mimi naingia kwa aibu. Jina langu Ben, nafundisha dini katika shule moja ya sekondari mjini Kitui, na nina diploma ya theolojia iliyonipa maneno mengi kuliko akili. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nimekaa na Pastor Mbaluka tukibishana juu ya unyakuo, mjadala tulioanza Jumapili na ambao hakuna aliyetaka kuuacha.

"Pastor, hata wewe umebaki?" Shangazi aliuliza kutoka mlangoni.

Pastor alijitazama. "Nimebaki wapi, Mama?"

Alitueleza kwa haraka kwamba Nzisa hapatikani. Nami, badala ya kuuliza lolote kuhusu Nzisa, nilifurahi. Nilikuwa nimepata mfano.

"Unaona, Pastor? Unaona vile fundisho hili linatesa watu? Auntie, keti. Kanisa lilikaa zaidi ya miaka elfu moja na mia nane bila kufundisha kwamba waamini watatoroshwa kisiri. Hii ni kitu ya juzi, ya Waingereza, miaka mia mbili hivi."

"Na injili ililetwa hapa Ukambani na nani?" Pastor alinijibu. "Hata hiyo ni ya juzi. Tuitupe? Paulo ameandika tutanyakuliwa. Neno liko pale."

"Liko, lakini soma mbele. Tutanyakuliwa ili tumlaki. Kumlaki! Wale wanawali kumi walitoka kumlaki bwana arusi ili wampeleke wapi? Karamuni. Ndugu wa Roma walitoka kumlaki Paulo, wakaingia naye mjini. Mgeni ukimlaki unarudi naye nyumbani, hamwendi kupotelea mawinguni."

"Na yule anachukuliwa, mwenzake anaachwa shambani?"

"Siku za Nuhu aliyechukuliwa ni nani, Pastor? Maji yalichukua wabaya. Kuachwa ilikuwa ndiyo salama!"

Niliona hoja hiyo imempata, nikavuta kiti mbele. Yeye naye akaja na makao mengi ya nyumba ya Baba, mimi nikaja na Kigiriki. Shangazi alikuwa amesimama, akiniangalia mimi, kisha Pastor, kisha mimi. Nilidhani ninamponya. Saa nzima ilipita hivyo, na tulipoinua vichwa alikuwa ameshaondoka.

Alikuwa ameenda kwa Barwaqo kununua krediti. Barwaqo ni Mwislamu mwenye duka pale sokoni, familia yake ilitoka Garissa, na kwa miaka mingi Shangazi amemwombea kwa jina, bila kumuuliza, asije akaachwa.

"Mama, una nini leo? Viatu zako haziko sawa," Barwaqo alisema.

Shangazi alimweleza yote akilia. Barwaqo alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa umeenda kwake?"

"Niende kufanya nini? Hayuko."

"Nani ameona hayuko?"

Shangazi ananiambia alisimama pale na kadi ya krediti mkononi, akaona haya kuanzia utosini. Tangu alfajiri alikuwa amefika kwa kila mtu isipokuwa kwa Nzisa. Barwaqo alifunga duka, wakavuka kijito pamoja, na mimi niliyewaona nikiwa nje ya kanisa nikawafuata mbio.

Nzisa alikuwa jikoni, sakafuni. Aliteleza kabla ya saa kumi na mbili akienda kuwasha moto, nyonga ikagoma, na simu ikatumbukia kwenye karai la maji. Kuku walikuwa wakidonoa unga uliomwagika karibu na mkono wake. Saa ilikuwa inaelekea tano, na midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka.

"Mumbua," alisema, na akatabasamu. "Nilijua nisipokata simu utakuja mbio."

Shangazi aliwafukuza wale kuku, na Nzisa akaendelea.

"Miaka tisa unanipigia ujue kama nimeamka. Watoto wangu hawapigi. Nikajiambia, tulia, saa moja haitafika kabla Mumbua hajaingia." Alipumua kwa shida. "Saa moja ikapita. Nikaona labda ni wewe umepatwa na kitu. Nimekuombea sana."

Nilitamani Shangazi adanganye. Aseme aliugua, aseme lolote. Lakini alipiga magoti kwenye ule unga, akamshika mkono.

"Sikuwa napiga nijue kama umeamka, Nzisa. Nilikuwa naangalia kama umenyakuliwa. Leo nimezunguka Tulia yote, kwa sababu nilidhani nimeachwa."

Lile tabasamu la Nzisa likaondoka polepole.

"Lakini ni mimi nimeachwa," alisema.

Barwaqo aliuliza maji ya kunywa yako wapi.