Pua ya Nthenya

Kwa miaka thelathini na miwili Nthenya aliuza ugoro katika soko la Kajiado, na muda huo wote hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Majani yake ya tumbaku yalitoka Mwingi. Aliyaanika, akayasaga pamoja na magadi, lakini kwanza aliyapima kama alivyofundishwa na mamake: alilisugua jani karibu na sikio, akasikiliza, ndipo akalipeleka puani. Wazee wa Kimaasai walitoka mbali kuja kwake. Walisema ugoro wa wengine unakupigisha chafya tu, ila wa Mama Mbuvi, kama walivyomwita kwa jina la kifungua mimba wake, unafungua kichwa.

Mteja wake mmoja alikuwa Kiragu, babake Wacuka, mwenye machimbo ya mawe Kitengela, aliyekuja kila mwezi kumnunulia mamake ugoro. Siku moja alipoinama kuchukua kikopo, Nthenya akavuta hewa.

"Baba Wacuka, umeanza kuvuta tumbaku. Na si ya hapa. Hiyo jani ililazwa ghalani miaka mingi ikomae."

Kiragu akacheka mpaka akashika meza. Ilikuwa kweli. Yeye na marafiki wawili walikuwa wakikutana kwake kuonja siga, zile nene za majani matupu zinazotoka Kuba na Nikaragua.

"Tunaonja, tunalinganisha, tunabishana. Kuja Jumamosi, Mama Mbuvi."

"Mimi na uzee huu nianze kutoa moshi?"

"Si lazima uvute. Kuja unuse tu."

Jumamosi akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda nyumbani kwa Kiragu, Kitengela. Barazani alimkuta Kiragu na Mureithi, rafiki yake tangu shuleni, na daktari wa meno aliyeitwa Isaac. Mezani palikuwa na visahani vinne vyenye namba, kila kimoja na siga zake. Pete za karatasi zenye jina la kila siga zilikuwa zimebanduliwa ili mtu asijue anaonja ipi. Ni Kiragu pekee aliyekuwa na orodha.

Isaac aliwasha namba moja, akatoa moshi polepole, akaandika kwenye kidaftari. "Napata mbao, kakao, halafu kwa mbali ngozi."

"Ngozi gani?" Nthenya akauliza. "Ya kiatu, ama ya ng'ombe amechinjwa jana?"

Isaac akakuna kichwa. Hakuwa amewahi kuulizwa.

Nthenya akachukua zile ambazo hazijawashwa, moja baada ya nyingine. Namba moja, akasema, ni udongo mwekundu mvua ikianza. Namba mbili ni ghala la mahindi makavu. Namba tatu akaitoa puani haraka. "Hii iko na pilipili manga. Itawachoma ulimi." Kiragu akachungulia orodha yake, akapiga paja. Ilikuwa ya Nikaragua, na kweli ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote.

Namba nne akakaa nayo. Aliisugua sikioni, akainusa, akainusa tena.

"Hiyo sasa ndiyo mfalme," Kiragu akasema, ameshindwa kujizuia. "Mureithi aliniletea kutoka Dubai nilipofika miaka hamsini. Sanduku lake lina dhahabu juu! Wewe unaionaje?"

Nthenya akamtazama Mureithi. Mureithi alikuwa akitazama viatu vyake. Hapo Nthenya akaelewa kwamba Mureithi anajua kasoro ya siga ile. Mtu haaibishwi mbele ya rafiki zake kwa ajili ya zawadi.

"Hii sijaielewa," akasema, akairudisha kisahanini.

"Aii, sema tu, Mama," Kiragu akasisitiza. "Sisi ni watu wazima."

"Basi nitasema. Hii imepakwa marashi kama bibi arusi. Na bibi arusi akijipaka sana hivyo, jua kuna kitu anaficha."

Isaac akachukua kisu, akaipasua. Ndani hapakuwa na majani marefu yaliyokunjwa vizuri. Palimwagika vipande vipande, vijiti, na uzi wa gunia.

"Nilisahau zawadi yako," Mureithi akasema mwishowe, sauti chini. "Nilikumbuka nikiwa nimesharudi. Hilo sanduku niliuziwa na mtu mjini, ameliweka kwenye buti ya gari."

Kiragu alimkodolea macho. "Miezi minane! Miezi minane nimewahubiria wageni kuhusu hii siga! Hata pasta!" Kisha kicheko kikamtoka, kikamshinda, akajifuta machozi kwa shati. Mureithi naye akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa kweli.

Walimsihi Nthenya awashe moja kabla hajaondoka. Akachagua namba moja, ambayo kumbe ndiyo ilikuwa ya bei ya chini. Wakamwonya asimeze moshi. Akaushika mdomoni, akafumba macho, akaona majani yamening'inia jikoni kwa mamake.

"Ni tamu," akasema. "Lakini kuichoma ni kuipoteza."

Mureithi ndiye aliyemrudisha Kajiado kwa gari lake.

"Mama, ungenyamaza tu."

"Nilijaribu, mwanangu. Niliulizwa mara mbili."

"Afadhali," Mureithi akasema, akapumua. "Nilikuwa nimechoka kuogopa hilo sanduku."

Walipofika Isinya akasimamisha gari, wakaingia hotelini kunywa chai na mandazi, na mazungumzo yakawanogea mpaka chai ikaagizwa tena.