Maji ya Asubuhi

Nilivuka mpaka kutoka Kenya kwenda kusomea elimu ya maji, na hadi leo sijui nchi ile ilipata faida gani kwa kunipokea. Mwaka wa pili sisi wanafunzi tulipelekwa na mwalimu wetu Upare, milimani juu ya Same, tukapime kijito kimoja kwa wiki tatu. Chini tambarare kijiji cha ujamaa kilikuwa kinapangwa. Vipimo vyetu ndivyo vingeamua kama kijito kinatosha kupelekwa huko kwa bomba.

Tulikaa Suji, nyumbani kwa mama mmoja mjane. Yeye na wanawe walikuwa kwenye orodha ya kuhamia tambarare. Kila asubuhi alitupikia uji, nasi tukateremka kijitoni na rula ndefu, saa na chupa tupu ya kuelea, ya kupimia mwendo wa maji. Maji yalikuwa yakinguruma. Saa tano tulirudi, tukashinda barazani tukichora grafu za ripoti ya mtihani na kujiona mabingwa. Hata maji ya kuoga tuliletewa.

"Mwanangu, yatatufikia kule chini?" mama aliniuliza jioni moja.

"Yatafika, mama," nikajibu bila kusita.

Siku ya mwisho nilisahau rula, nikaifuata alasiri. Niliikuta imesimama juu ya mawe makavu. Pembeni palipita maji membamba yasiyoweza kulowesha kiatu. Nilipanda mbio kumwuliza mama. Hakushangaa.

"Ndiva imekwisha maji," akasema. Alimaanisha bwawa la udongo lililokuwa huko juu, nyuma ya migomba, ambalo sisi wasomi hatukuwahi kupanda kuliona. "Hufungwa jioni, ikajaa usiku, ikafunguliwa asubuhi kwa wenye mashamba. Nilidhani mnajua."

Kwa wiki tatu tulikuwa tumepima bwawa likimwagwa, tukaliita kijito.

Nilimwendea mwalimu wetu. Akasema wakubwa wameshapelekewa hesabu, na mgeni anayesomeshwa kwa fadhili za watu asianze kuwafundisha kazi. Ningeweza kushuka mwenyewe hadi ofisi za Same. Sikushuka. Niliogopa kurudishwa kwetu mikono mitupu. Nikaandika ripoti yangu kwa namba za asubuhi, tena kwa mwandiko mzuri. Sijajisamehe, wala sioni kwa nini nijisamehe.

Mwaka uliofuata basi nililopanda liliharibika karibu na kijiji kile kipya. Nyumba zilikuwa zimenyooka kwa mistari. Katikati lilisimama bomba, mbuzi wamelala chini yake pakavu. Nikamwona mama anakuja kutoka upande wa mlimani, debe la maji kichwani. Nilitamani kujificha nyuma ya basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alitua debe. Nilingoja aniulize habari za maji.

"Ule mtihani wako, ulifaulu?"

Nikamwambia nilifaulu.

"Afadhali," akasema, na akaniomba nimtwike debe lake.