Kiti cha Wanda Kosek

Siku Harlan alipomwona Wanda Kosek kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amesimama kwenye theluji na ndara miguuni, amemtolea macho.

"Kiti changu umekipeleka wapi?"

"Kile kibovu, mama? Nilidhani kimetupwa."

Harlan alikuwa mgeni Chicago. Alikokulia, pembezoni mwa Dallas, familia moja ilikalia uwanja ambao katika mtaa huu zingejengwa nyumba nne za ghorofa tatu tatu, na kila mtu aliegesha gari kwake. Hapa watu walibanana kama dagaa. Aliyechimba theluji akapata pa kuegesha aliweka kiti kuonyesha kwamba ni pake, na kukiondoa kulikuwa kisa cha kutoana meno.

"Mume wangu anatoka hospitali sasa hivi," Wanda alisema. "Amepasuliwa nyonga. Na binti yangu anatafuta kisingizio tu atuhamishie kwake, nje ya mji, huko kwenye nyasi. Toa gari lako hapo!"

Harlan aliwasha gari. Magurudumu yakazunguka palepale, yakazidi kujichimbia. Jasho likamtoka na baridi ile.

Renata, binti mwenyewe, akafika na gari lake na kusimama katikati ya barabara. Nyuma yake honi zikalia. Kando yake Mzee Walter, mume wa Wanda, alikuwa amefumba macho kwa maumivu.

"Unaona, mama? Baba atafikaje mlangoni? Ateleze, nyonga ivunjike tena?"

Wanda aliinua uso akapaza sauti mara moja tu. Madirisha yakafunguka juu na chini, na majirani wakateremka na blanketi nene. Wakamlaza mzee, Harlan akashika ncha moja. Walipofika kwenye barafu mmoja aliteleza, blanketi likainama, na Harlan akapiga goti chini kulizuia.

"Taratibu, nyie!" mzee alifoka. "Bado sijafa!"

Wakamfikisha ndani.

"Umeona?" Wanda alimwambia bintiye.

"Nimeona, mama. Nimeona alivyoponea chupuchupu."

Wiki hiyohiyo vyombo vya Wanda na mzee vikapakiwa kwenda kwa Renata. Harlan alibeba masanduku bila kuthubutu kumtazama mtu. Gari lilipowashwa, Wanda akateremsha kioo, akamwita karibu na kusema kwa sauti ya chini, Renata asisikie:

"Wewe umekulia mahali kama huko kwa binti yangu, kijana. Niambie kweli. Mzee akianguka nikaita, kuna mtu atanisikia?"