Darasa Lililofuata Mguu Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fagio. Chumba cha mazoezi ya viungo katika hospitali niliyopangiwa hapa Mwanza kilikuwa kimefungwa muda mrefu, na popo walikuwa wamekizoea. Mganga Mfawidhi, yaani daktari anayesimamia hospitali nzima, alisimama mlangoni akanitazama nikifagia.

"Kijana, hapa hatuna mashine," alisema. "Una macho tu. Mtazame mgonjwa anavyotembea kabla hajakuambia anaumwa wapi."

Nilidhani ananifariji kwa kukosa vifaa. Lakini ndivyo nilivyofanya kazi mpaka mwisho: aliyepooza, aliyevunjika mfupa, mvuvi aliyeteguka bega kwa kuvuta nyavu, wote nilianza kwa kuwatazama nyayo. Ninyi mnaoingia kazini sasa mnaiita fiziotherapia. Wagonjwa wetu waliita kunyooshwa.

Baadaye akaja Daktari wa Sindano. Ndivyo tulivyomwita yule Mchina aliyetibu kwa sindano nyembamba. Kila asubuhi alifanya taichi uani, mazoezi ya polepole ya kwao, na wauguzi walisema anafukuza mbu kwa adabu. Nami nilicheka, mpaka nilipomtazama nyayo. Nikaomba anifundishe, na nilikiona cha moto. Utosi uwe juu kama unavutwa na uzi. Mabega na viwiko vishuke. Goti lisipite vidole vya mguu. Mkono usiende popote kabla kiuno hakijageuka.

"Mkono yako mwongo," alinifokea. "Kiuno lala, mkono kimbia!"

Kubwa kuliko yote lilikuwa hatua tupu. Unainua mguu, unautua mbele bila kuupa uzito wowote, na ukishatulia ndipo unauhamishia mwili. Mzee akilizoea hilo haanguki ovyo. Nilishindwa kuwaeleza wagonjwa jambo hili hadi nilipohamishiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambako mama mmoja aliniuliza, "Si kama kupanda mtumbwi, mwanangu? Unaweka mguu kwanza. Ukijitupa mzima, unaoga." Tangu hapo nikafundisha kwa mtumbwi, hata niliposogezwa Usagara, mbali na maji. Mganga Mfawidhi wa kituo kile alikuwa mtu wa utani.

"Bwana Mazoezi, mbona wagonjwa wako wanatembea kama wezi?"

"Umeshamwona mwizi akianguka, mkuu?"

Akacheka, akaniachia ukumbi.

Jambo moja zaidi nilirithi kwa Daktari wa Sindano. Mwalimu husimama mbele na kuwapa wanafunzi mgongo, ili kushoto kwake kuwe kushoto kwao. Hawaelezwi mno. Wanafuata mwili wake. Sikuwahi kuona ubaya wa utaratibu huo.

Nilipostaafu nikaanzisha darasa la wazee kwenye kipande cha mchanga kati ya mawe, hapa hapa mjini kando ya ziwa. Ndiko nilikompata Bi Zainabu, mshonaji wa nguo, ambaye alikuwa akianguka jikoni kwake hadi wanawe wakamkataza kupika. Alijifunza hatua tupu vizuri kuliko wote, akarudi jikoni. Kila tulipokutana ilikuwa hivi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeanguka wiki hii?"

"Sijaanguka, mwalimu. Hata paka ameshangaa."

Kisha nikapata kiharusi. Kilikuwa chepesi, walisema, ila mguu wa kushoto ukagoma kuinuka. Nilipopata nafuu nikarudi ufukweni nikiuburuta. Wanafunzi wakanipa pole, wakajipanga nyuma ya mgongo wangu, tukaendelea kwa miezi. Hakuna aliyesema neno.

Bi Zainabu akaanguka mlangoni kwake, akavunjika nyonga ya kushoto. Nilimkuta wodini.

"Ulikanyaga nini?" nikamuuliza.

"Sikukanyaga kitu. Nilikuwa naifanya ile hatua yetu mpya."

"Mpya ipi?"

"Ya kuburuta wa kushoto. Kizingiti kikaninasa. Uzembe wangu, mwalimu, sijaburuta vizuri."

Nilikaa pembeni ya kitanda chake. Nilimwambia apumzike.

Kipindi kilichofuata, katikati ya zoezi, niligeuka nyuma. Sijawahi kuona kitu kilichoniumiza hivyo. Watu wazima wote, utosi juu, mabega chini, nyuso zimejaa utii, wanakwaruza mchanga kwa mguu wa kushoto.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Hiyo si hatua, huo ni ugonjwa!"

Wakasimama. Mwenyekiti wa kikundi, seremala wa siku nyingi, akanijibu kwa upole, "Tuliona umebadilisha, mwalimu."

"Sasa mngeniuliza!"

"Tungeanzaje? Mtu anaukosoaje mguu wa mwalimu wake?"

Siku hizi nafundisha nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa mdomo. Haisaidii. Nawaambia inua, wanainua, na wakichoka kidogo mguu unarudi chini kukwaruza. Mwili husikiliza macho, masikio hauna habari nayo. Sina mwenye mwendo safi wa kumsimamisha mbele, kwa sababu wote walikuwa nyuma yangu. Nimekata tamaa, na sioni sababu ya kuwaficha ninyi mnaoingia kwenye kazi hii. Nilijua nikifa nitaiacha hatua tupu katika mji huu, na wazee wachache wasioanguka. Nimewaachia kiharusi changu, na wamekipokea kwa heshima zote.

Juzi nilikwenda kwa Bi Zainabu. Ametolewa hospitali. Aliposikia sauti yangu aliinuka kutoka kwenye cherehani, akashika fremu yake ya kutembelea.

"Nitazame, mwalimu. Nimefanya mazoezi."

Akaja kunipokea toka ukutani hadi mlangoni, utosi juu, akitabasamu, mguu wa kushoto ukiburuzika sakafuni. Nilitazama unyayo, kisha goti, kisha nyonga, kama nilivyofundishwa. Nimetazama nyayo za watu maisha yangu yote, na sikuweza kujua kama mguu ule ulikuwa unauma au ulikuwa unanifuata mimi.

"Vipi, ndivyo?" akaniuliza.

Nilimshika mkono tukavuka kizingiti pamoja, mimi na yeye, tukiburuta.