Nilichomoa RAM ya Kompyuta Yake, Kisha Nikamuoa

Hamjambo wana ukurasa. Jina langu lifichwe tafadhali. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, fundi wa kompyuta, naishi Riruta na mke wangu na binti yetu mmoja. Mkitaka kunitukana nitukaneni, lakini someni mpaka mwisho.

Mke wangu nilimpata katika ofisi moja Kilimani. Yeye alikuwa karani wa kuchapa, mimi fundi wao. Alikuwa na maringo, ama tuseme alijua kazi yake na hakunihitaji. Siku moja nilimwomba twende tukale chakula cha mchana, akacheka mbele ya wenzake. "Wewe rudi kwa nyaya zako." Iliniuma vibaya sana. Alipotoka kwenda kula nilifungua kompyuta yake nikachomoa RAM moja kati ya mbili, vile vipande vya kumbukumbu ya mashine. Nilitaka aniite, aniombe.

Na aliniita. Kompyuta ikibaki na RAM kidogo, ukifungua kazi kubwa mbili kwa pamoja inalemewa, na ukijaribu kuhifadhi inakuambia diski ina kosa. Asiyejua hulaumu disketi. Nilimwambia abadilishe disketi, atafute virusi, azime na kuwasha tena. Nilijua hakuna hata moja litakalosaidia. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikifurahia.

Siku ya tatu ripoti ya mteja wa mtaa wa Karen ikapotea yote. Bosi akatoka akiwaka. "Fundi, sema ukweli. Ni mashine ama ni huyu?"

"Mashine iko sawa, boss."

Alifutwa kazi papo hapo, watu wakitazama. Jioni niliirudisha RAM, na kesho yake karani mpya akachapa bila shida yoyote. Ofisi nzima ikamcheka aliyeondoka, na mimi nikacheka nao.

Mimi ndiye niliyemtembelea na kumfuta machozi, mpaka nikamuoa. Mpaka leo yeye huwaambia watu kwamba ni mimi pekee niliyesimama naye. Tangu wakati huo hajagusa kompyuta.

Juzi kompyuta ya nyumbani ilimgomea binti yetu, Shiru, kwa kosa lile lile. Alikuwa amefungua michezo mingi mno. Kabla sijauliza, mke wangu akaruka: "Haki ya Mungu mimi sijaigusa!" Nilifunga michezo miwili, ikapona. Nilijichukia siku hiyo.

Sasa kanisa letu linamtaka awe karani, achape kwa kompyuta. Jana alinishika mkono. "Baba Shiru, wewe ndio unajua hizi vitu. Niambie ukweli. Shida kule ofisini ilikuwa ni mimi?"

Nilimwambia anipe muda nifikirie. Jumapili anataka jibu. Nikisema, ataondoka na mtoto. Nikinyamaza, ataikataa kazi na kuendelea kunishukuru, na kusema kweli kuna sehemu yangu inayopenda hivyo. Nipeni ushauri kabla ya Jumapili: nimjibu nini?