Kopo la Kupimia Mvua

Miaka ya mwanzo ya uhuru, nilipomaliza sekondari, nilitega kopo la kupimia mvua nyuma ya nyumba yetu, karibu na Msambweni. Kila asubuhi niliandika kipimo daftarini. Baba alipanda kwa kuhesabu siku za mwaka kumi kumi, yaani miongo, nami nilimcheka. Kopo lilipojaa siku tatu mfululizo, nikamwambia, "Baba, masika imeingia. Tupande."

"Miongo haijatimia, mwanangu."

Nikamshinda kwa maneno. Akateremsha mbegu zote zilizohifadhiwa kwa moshi juu ya meko. Mvua ikakatika mwezi mzima, mahindi yakakauka. Baba hakunigombeza. Aliniletea daftari, akasema, "Na hili liandike."

Nimehama miji mingi nalo. Ukurasa ule ungali mtupu.