Mashavu ya Sadalla

Miaka ile maduka ya Tanga yalipoanza tena kujaa bidhaa, Mufaddal, mwenye duka pale Ngamiani, alimpa rafiki yake Sadalla kopo la unga mweupe kutoka Dubai.

"Kreatini hii. Koroga na maji unywe. Mabondia wa nje ndiyo nguvu yao."

Sadalla, kuli wa bandarini, alikuwa bondia wa uzito wa unyoya, na alibakiwa na pambano moja tu kabla ya kutundika glovu: dhidi ya kijana wa Pongwe aliyewahi kumshinda. Akanywa. Mbio ndefu za asubuhi zilibaki zile zile, lakini ngumi za mfululizo, zilizokuwa zikimlegeza mikono, sasa alizimaliza na akataka nyingine.

Mashavu nayo yakajaa.

Majirani wakampongeza mkewe. "Zuleha, umemlisha nini huyu?" Zuleha akacheka tu, kanga imemlegea begani. Miaka ya foleni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mavyaa wake, mama wa Sadalla, alikuwa akija kutoka Mwera na kusema mbele za watu kwamba mwanawe amekondeshwa. Sadalla alimwona mkewe akitembea kwa madaha, akalificha kopo.

Wiki ya kupima uzito ikafika. Kwenye mizani ya magunia ya Mufaddal, Sadalla alizidi kilo mbili.

"Nimemuuliza mfamasia," Mufaddal akasema kwa aibu. "Anasema mengi ni maji, misuli inayavuta. Hata ukiacha leo, hayatoki upesi. Ujinyime chakula, au upande uzito unaofuata, umkose huyo wa Pongwe."

Jioni Sadalla akasukuma sahani ya wali wa nazi.

"Nimezidisha chumvi?" Zuleha akauliza.

Ikabidi amweleze yote. Zuleha akamshika shavu.

"Kumbe haya si ya wali wangu?"

"Ya Mufaddal."

Zuleha akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaivuta sahani. "Basi usile, bwana. Kapigane na wa Pongwe wako. Mama akija, nitasema mimi ndiye niliyekukondesha."

Sadalla akamtazama. Akairudisha sahani, akala wali wote.

Alipanda uzito unaofuata, akapigana na mwingine, akashindwa kwa pointi. Ijumaa mama yake akaja, akamshika mashavu mbele ya majirani.

"Zuleha, mwanangu umemtunza."

Zuleha akainamisha uso, kicheko kimembana. Sadalla, jicho limevimba, akainua sahani. "Niongeze, mke wangu."